Likizo ya Juni: mapango, visukuku na makumbusho tukianzia Mwanza. Wazoefu nipeni njia

Mama Kulwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Likizo ya Juni inakaribia na nyumbani kwangu hapakaliki. Pacha wangu wako darasa la sita, wamesoma habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Oldupai, na tangu hapo hatuli mlo bila fuvu kutajwa mezani. Baba yao ni mtu wa mapango, akiona mawe yameachana kidogo lazima achungulie. Mimi napenda makumbusho: vitu vimepangwa, vina maelezo, na kuna kibenchi cha kukaa.

Tunaishi Buswelu. Usafiri ni Noah yetu wenyewe, siyo gari ya juu. Muda ni kama wiki moja hivi na pesa ni ya kubana. Pasi za kusafiria tunazo, kwa hiyo hata Kenya tunaweza kuvuka. Wanyama hatuna haja nao safari hii. Saanane tumekwenda mpaka wale swala wanatujua.

Naombeni njia. Nianzie wapi, na kipi niachane nacho?

Kipusa wa Igoma

Nimewahi siti ya mbele. Karanga ninazo.

Mzee wa Kamanga

Mapango Mwanza unayauliza kweli? Panda mlima wowote nyuma ya nyumba yako. Mengine yana popo, mengine yana wapangaji.

Jabali la Bugando

Mama Kulwa, kabla hujapanga hoteli, yajue mawe kwanza. Mimi nimefanya kazi ya miamba migodini huko Geita, nitajaribu kueleza bila kuwachosha.

Mapango ambayo watu huyaona kwenye picha, yale marefu yenye vyumba na mawe yanayoning'inia darini, ni ya mawe chokaa. Kwetu Tanzania yanayojulikana zaidi ni ya Amboni, Tanga. Maji ya mvua yana tindikali kidogo, yakipenya kwenye chokaa yanaila taratibu kwa maelfu ya miaka, linabaki pango. Mwanza hatuna hiyo hadithi. Sisi tumekalia matale. Yalikuwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi, ukapoa zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Baadaye yakapasuka nyufa, maji yakaingia kwenye nyufa na kuyalainisha kando, udongo laini ukaoshwa, yakabaki haya majabali yaliyopandana unayoyaona kuanzia Capri Point mpaka lile jiwe la Bismarck pale ziwani. Kwa hiyo pango la huku ni upenyo chini ya jabali. Lina dari, lina kivuli, na ukitembea hatua chache umetokea upande wa pili. Baba Kulwa ajiandae kisaikolojia.

Lakini huo upenyo ulikuwa nyumba ya watu. Wawindaji wa kale walilala humo, waliacha vigae vya vyungu na vipande vya mawe waliyochonga, na sehemu nyingine walichora kwa rangi nyekundu. Watemi wakaja baadaye wakafanya matambiko humo humo.

Visukuku sasa. Kwenye matale hutavipata, usipoteze muda. Mfupa ili uwe kisukuku unatakiwa ufunikwe haraka kabla fisi, jua na mvua havijaumaliza. Ukanda wetu huu, kazi hiyo ilifanywa zaidi na majivu ya volkano. Na volkano hazikuwa Mwanza, zilikuwa mashariki: milima ya Ngorongoro ikamwaga majivu Oldupai na Laetoli, na volkano ya Kisingiri upande wa Kenya ikakifunika kisiwa cha Rusinga. Ukitaka mapango ya watu, zunguka hapa hapa ziwani. Ukitaka mifupa, fuata majivu. Ukitaka vyote kwa wiki moja na Noah, lazima uchague kati ya njia ya Serengeti na ile ya Sirari, mpakani na Kenya.

Kipusa wa Igoma

Mkuu umeshusha nondo. Kumbe nimekulia juu ya uji wa moto.

Ng'wana Magu

Mwadila, Mama Kulwa. Kabla hamjakimbilia nchi za watu, Bujora mmefika? Najua jibu. Watu wa Mwanza wanapita Kisesa kila siku kwenda mnadani na hawajawahi kupinda kushoto.

Ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini, njia ya Musoma. Alianzisha padri wa Kanada, David Clement, kwa kushirikiana na wazee wa Kisukuma. Kuna jengo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani zimekusanywa ngoma za utemi. Sasa wewe unayependa kibenchi na maelezo, pale utapata mtu wa kukueleza kwa mdomo, na hiyo ni bora kuliko bango. Muulize habari za Bagika na Bagalu, jinsi vikundi viwili vya wachezaji vinavyoshindana kuvuta watu kwa ngoma na dawa. Na kanisa lenyewe lina alama za utemi ndani yake, usitoke bila kuingia.

La muhimu zaidi: sherehe ya Bulabo hufanyika hapo baada ya sikukuu ya Ekaristi, ambayo mara nyingi huangukia Juni. Mkiotea siku hizo mtamkuta Ng'wana Malundi, yule mchezaji ngoma maarufu wa zamani... natania, ameshatangulia, ila mtakuta Bagobogobo wanarusha majembe hewani na Bayeye wamebeba chatu mzimamzima. Pacha wako watamsahau Zinja kwa muda.

Mama Kulwa

Ng'wana Magu umenipiga pabaya, Bujora sijafika na niko Mwanza miaka yote. Wabeja sana. Nimeandika.

Jabali, hilo la kuchagua ndilo linaloniuma. Watoto wanataka Oldupai. Noah haifiki?

Dereva Ndabaka

Naomba nilijibu hili maana njia hiyo ndiyo mkate wangu.

Ukitoka Mwanza unapita Magu, Lamadi, unafika lango la Ndabaka. Unaingia Serengeti kwa ukanda wa magharibi mpaka Seronera, unatoka Naabi, unaelekea Ngorongoro. Kona ya Oldupai utaiona barabarani, wameweka mafuvu mawili makubwa ya sanamu, Zinja na Homo habilis, huwezi kupotea. Kwa ramani inaonekana karibu. Shida ni tatu. Ukanda wa magharibi una udongo mweusi, mvua ikinyesha Noah inageuka boti. Kutoka Naabi kwenda mbele barabara ina mikunjo ya kutoa jino. Na hata kama hutaki kuona mnyama hata mmoja, unalipia Serengeti, unalipia Ngorongoro, na gari nalo linalipiwa. Mzawa analipa kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya NIDA, ila mkijumlisha familia, gari na malazi ndani ya hifadhi, "pesa ya kubana" haitabana tena, itakatika.

Kuna njia ya lami ya kuzunguka Shinyanga, Nzega, Singida, Babati mpaka Karatu. Noah inafika lango la Ngorongoro bila tatizo. Lakini hapo umekula siku barabarani kwenda na kurudi.

Mahali penyewe pazuri jamani, nisiwavunje moyo. Makumbusho yaliyopo sasa yalifunguliwa 2017 na yamekaa ukingoni kabisa mwa bonde. Unakaa, unatazama chini, unaona tabaka za udongo zimepangana, moja nyekundu kabisa katikati, na mwongozaji anakuonyesha: pale chini kabisa ndipo Mary Leakey alipoliona fuvu Julai 1959. Miaka milioni 1.75. Nimepeleka watu wengi pale na ni pale tu ambapo gari zima huwa linanyamaza.

Jabali la Bugando

Niongeze jambo ambalo wazazi huwa hawaambiwi. Fuvu lenyewe la Zinja halipo Oldupai. Lipo Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa. Oldupai utaona nakala. Nyayo za watu wa kale za Laetoli, zilizopatikana 1978, nazo zilifukiwa tena ili zisiharibike, unaona mfano wake makumbusho. Siyo ubaya, ndivyo vitu hivi vinavyotunzwa, lakini mtoto aliyeota fuvu mwaka mzima aambiwe mapema asije akalia langoni.

Kipusa wa Igoma

Na yule mjusi mkubwa wa Tanzania? Au naye yuko Dar?

Jabali la Bugando

Huyo wa Tendaguru, Lindi. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, yupo Berlin, amesimama zaidi ya mita 13. Haingii kwenye wiki ya Mama Kulwa kwa namna yoyote.

Nyakwar Suba

Hamjambo ndugu zetu wa Mwanza. Mimi ni wa Mbita, kaunti ya Homa Bay, na nimekuwa nikisoma huu uzi nikisubiri mtu ataje kwetu vizuri. Mnataja Rusinga kama kituo cha matatu.

Mama Kulwa, karibu sana. Huyo Mary Leakey wa Oldupai, miaka 11 kabla ya Zinja alikuwa kwetu Rusinga. Mwaka wa 1948 alipata fuvu la kiumbe aliyeishi karibu miaka milioni 18 iliyopita, jamii ya sokwe wa kale asiye na mkia. Zamani kiliitwa Proconsul, tangu 2015 wataalamu wanakiita Ekembo. Mwaka wa 1984 hapo Kaswanga wakapata mifupa mingine mingi, karibu kabisa na watu wanakoishi. Na kuna mahali wamekuta alama za mashina ya miti yakiwa yamesimama vilevile yalivyokuwa yakiota, msitu mzima, na mifupa ya Ekembo kwenye udongo huohuo.

Fuvu lenyewe liko Nairobi, kwa hivyo onyo la Jabali linahusu kwetu pia. Lakini hapa mtoto anakanyaga ardhi yenyewe. Anaona mlima, anaona majivu yaliyogeuka mawe ya kijivu, anaambiwa hapa palikuwa msitu. Chukueni mwongozaji wa kijijini, bila yeye mtaona mlima mkavu na mbuzi tu.

Hapo hapo Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, jengo lenye umbo la risasi. Aliuawa Nairobi Julai 1969. Ni makumbusho pia.

Kisha mnavuka kwa boti kwenda Mfangano. Huko ndiko baba mtu atafurahi. Mawanga na Kwitone ni mapango yenye michoro ya kale: miduara ndani ya miduara, mingine kama jua lenye miale, nyekundu na nyeupe. Wazee wanasema iliachwa na Watwa waliotangulia. Kwitone inahusishwa na mvua, hivyo msiingie kwa kelele, na msimwage maji juu ya michoro ili picha itoke vizuri. Kuna watu hufanya hivyo. Makumbusho ya jamii ya Abasuba iko hapo kisiwani, anzieni hapo, mtapewa mtu wa kuwapandisha. Si mlima mrefu ila viatu vya kanisani viacheni nyumbani.

Mama Kulwa

Nyakwar, hapo umemaliza mume wangu. Amesoma juu ya bega langu na ameshaanza kutafuta tochi.

Mtumishi wa Nyakato

Miaka milioni 18, miaka bilioni 2.5. Nani alikuwepo akahesabu? Mnawalipia watoto nauli wakaambiwe babu yao alikuwa nyani.

Jabali la Bugando

Mtumishi, majivu ya volkano yana madini yanayooza kwa mwendo unaojulikana, ndiyo saa yenyewe. Ukitaka tubishane fungua uzi wako nitakuja na maji yangu ya kunywa. Hapa tunapanga safari. Na makumbusho ya Bujora kayaanzisha padri, usisahau.

Mtumishi wa Nyakato

Bujora sina ugomvi nayo.

Omwana wa Kanyigo

Naona mmeelekea mashariki wote mkasahau kwamba ziwa lina upande mwingine. Pandeni meli ya usiku mkaamkie Bukoba.

Katuruka, kule Maruku, walikuwa wanayeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mtafiti Peter Schmidt alisikiliza hadithi za wazee kuhusu mfalme Rugomora Mahe na mti wa Kaiija, akachimba pale pale walipomwonyesha, akakuta tanuri. Yaani wazee walikuwa na habari sahihi kabla ya mchimbaji kufika. Michoro nyekundu ya miambani ipo Bwanjai. Makumbusho ya Kagera yapo Bukoba mjini. Na senene msimu wake siyo Juni... basi, nisitoke nje ya mada.

Mzee wa Kamanga

Na daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, kwa hiyo hata kwa gari sasa husubiri kivuko. Lakini kutoka Busisi mpaka Bukoba bado ni safari, msidanganyane.

Mkerebe Mpole

Ukerewe mmeiruka. Kuna mapango ya Handebezyo, watemi walikuwa wakitambikia, na ukipanda juu unaona visiwa vimetapakaa. Ukara kuna jiwe linalocheza, kubwa kabisa, limekaa juu ya jingine. Kufika Nansio ni kivuko kutoka Mwanza, au barabara ya Bunda–Kisorya halafu kivuko kifupi. Kwa anayependa mapango na hana pesa, hiyo inatosha wikiendi nzima, na sato utakayokula haijalala kwenye barafu.

Jabali la Bugando

Kwa kuwa sato ametajwa, Mama Kulwa wape pacha hii waende nayo. Karibu na Singida kuna mahali panaitwa Mahenge, siyo ile ya Ulanga. Kulikuwa na shimo la mlipuko wa zamani likajaa maji likawa ziwa dogo, na kwenye tope lake wamepata visukuku vya samaki wa miaka milioni 46 hivi. Wamo ndugu wa kale kabisa wanaojulikana wa ukoo wa sato na furu. Si mahali pa kutalii, hakuna hata kibanda, lakini mtoto wa Mwanza inafaa ajue.

Na ziwa lenyewe msilione kama mzee. Waliotoboa tope la sakafu yake walikuta chini kuna udongo wa nchi kavu. Miaka elfu 15 na kitu iliyopita Victoria lilikauka. Hao wachoraji wa Mfangano, mababu wa mababu zao wangeweza kukifikia kile kisiwa kwa miguu.

Mama Kulwa

Sasa nimepata picha. Nimekaa na familia, tumepiga kura, Oldupai imeshindwa kwa sababu ya bei na ile mikunjo. Tunaiweka Desemba kwa njia ya lami, na tukifika Babati tupinde kusini mpaka Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa. Pacha wamekubali kwa masharti: Desemba lazima, wameniandikisha mkataba.

Juni itakuwa hivi. Bujora kwanza, tukiotea Bulabo. Halafu tunaelekea Musoma, tunapinda Makutano kwenda Butiama kuona makumbusho ya Mwalimu na kaburi lake Mwitongo. Mimi sitaki kupapita Butiama haraka. Zile zawadi alizopewa na vitu vyake vya kawaida vya nyumbani nimesikia vinafundisha kuliko hotuba. Tunalala Musoma. Kesho yake Tarime, Sirari, tunavuka, Migori, Homa Bay, Mbita. Rusinga, kisha Mfangano. Kurudi, kama pesa ipo, Kisumu kwenye makumbusho yao.

Ukerewe na Bukoba msinune, hizo ni za wikiendi na za Pasaka.

Nyakwar Suba

Safi. Ila Kisumu iondoe, iko upande ambao si wa kurudi kwenu. Badala yake, mkishuka Migori pindeni kwenda Thimlich Ohinga. Ni kuta za mawe yaliyopangwa makavu, hakuna tope wala saruji, nyingine zinazidi mita 4, na zina zaidi ya miaka 400. UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia 2018. Milango yake ni mifupi, mtu mzima anainama kuingia, na ndiyo ilikuwa maana yake: adui aingize kichwa kwanza. Barabara ni ya vumbi, kwa Noah nendeni polepole na msiende siku ya mvua. Pacha watacheza humo mpaka mchoke kuwaita.

Dereva Ndabaka

Mpakani Sirari: kadi za njano ziko mbili, watu huchanganya. Moja ya chanjo ya homa ya manjano, kila mtu na yake. Nyingine ya bima ya gari, ya COMESA, mnaikata kwa kampuni yenu ya bima kabla hamjaondoka Mwanza. Kadi ya gari iwe na jina la mmoja wenu. Nimeona familia imelala Sirari kwa sababu Noah ilikuwa ya shemeji.

Mama Kulwa

Noah ni ya baba yao, asante. Swali la mwisho na ni la Doto, ameng'ang'ania niliulize: akiona kipande cha mfupa chini kule Rusinga, hata kidogo, anaruhusiwa kuokota?

Jabali la Bugando

Hapana. Kenya wana sheria ya urithi ya 2006, sisi tuna ya mambo ya kale ya 1964. Zote mbili zinasema vitu hivyo ni vya taifa. Lakini sababu ya kweli mwambie Doto hivi: mfupa ukiokotwa hakuna tena anayejua ulilala tabaka gani, na bila tabaka hauna umri. Apige picha, aweke kalamu pembeni ionyeshe ukubwa, amwite mwongozaji. Mwongozaji ndiye atakayejua nani wa kumwambia.

Nyakwar Suba

Nakubali kabisa. Na Mama Kulwa, Mfangano mwende asubuhi. Mchana upepo wa ziwa huamka na mawimbi yanakuwa makubwa. Pandeni boti yenye maboya ya kuvaa ya kutosha wote, na ya watoto yawe saizi yao. Mwenye boti akisema "ya watoto hakuna lakini si mbali", subirini inayofuata.